Jhinguri na Bomba la Chini ya Mchanga

Binamu yangu Jhinguri Nishad alianza kupiga mbizi kabla hajaota ndevu. Mtu akizama kwenye mto Ganga, kuanzia kwetu hadi Mirzapur, walimfuata yeye. Hereni ya bibi harusi ikidondoka majini, walimfuata yeye. Hakuwa msemaji. Mkewe Sonmatiya ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na bado maneno yakabaki.

Mwaka Jhinguri alipotimiza miaka sitini na moja, siku ya Chhath, sikukuu yetu ya kuliabudu jua, Sonmatiya aliingia mtoni na wanawake wenzake kuliaga jua, na alfajiri wakarudi kulingoja lichomoze. Maji yalinuka kama sufi iliyochemshwa. Alipotoka, miguu yake ilikuwa malengelenge matupu kuanzia magotini kwenda chini. Nilimuuliza kwa nini hakutoka mapema.

"Nimwache Mama Ganga peke yake kwenye uchafu ule? Hebu shemeji, kanywe chai yako."

Jhinguri alimpaka mafuta ya haradali. Kesho yake akaingia majini.

Sote tulikishuku kiwanda cha kutia rangi sufi za mazulia, kilichojengwa juu kidogo ya kijiji. Lakini wakaguzi walikwisha kuja mara mbili, wakakuta mfereji wake mkavu, wakarudi zao. Jhinguri hakushughulika na mfereji. Kila siku adhuhuri alizama, akapapasa sakafu ya mto kwa viganja, hatua kwa hatua. Watu walimtania: "Babu, umedondosha meno?" Wiki ya saba, Januari, ukungu umetanda, aliibuka akaketi mchangani akitetemeka.

"Kuna mahali maji ni ya moto," aliniambia. "Futi kumi na mbili chini. Baridi hii, moto umetoka wapi?"

Siku tatu alifukua mchanga kwa mikono, akaligusa: bomba nene kama paja, limelaliwa na magunia ya kokoto.

Tuliandika barua. Alikuja mkaguzi mpya, Binita Kujur, binti mwembamba mwenye sanduku la chupa. Mtu alikuwa ameshawapigia simu kiwandani, maana tangu asubuhi koki ilikuwa imefungwa na mto umetulia. Meneja wao, Tripathi, aliteremka ufukweni na viatu vyeupe.

"Madam, kazi ya mzee huyu ni maiti," alisema akicheka. "Sasa maiti zimeadimika, anatafuta mabomba."

"Lipo," Jhinguri alisema.

"Baba, mimi siandiki ninachoambiwa," Binita alimjibu. "Naandika ninachokiona."

Jhinguri aliniomba kamba ya mtumbwi wangu. Alizama mara ya kwanza, akaibuka. Mara ya pili, akaibuka. Mara ya tatu alikawia hata kicheko cha Tripathi kikakatika chenyewe. Sonmatiya aliingia maji ya magoti, akayapigia kelele: "Jhinguri! Ukinifia humo nitakufuata nikuchape!"

Kichwa kikachomoza. Midomo ya buluu, damu puani. Akanitupia ncha ya kamba.

"Vuteni."

Tukavuta. Wavuvi, akina mama waliokuwa wakifua, kinyozi na mteja wake mwenye povu shavu moja. Kamba ilitukata viganja. Kwanza halikusogea; kisha mto ukatoa mguno, maji yakachafuka, na likaja: bomba jeusi, refu, linapinda kama chatu. Kwenye kiungio likapasuka, na yote yaliyofungiwa ndani yakamwagika mchangani, zambarau, yanafuka mvuke. Tripathi akaruka nyuma. Viatu havikupona.

"Labda ni la zamani," alisema.

"La zamani na bado linachemka?" Sonmatiya alimuuliza. "Basi nipe na mimi sufuria kama hiyo!"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Binita hakucheka. Alijaza chupa sita, akazitia lakiri mbele yetu, kisha akalifuata bomba kwa miguu, sisi nyuma yake tukipiga makofi, mpaka lilipoingia chini ya ukuta wa kiwanda. Akamgeukia Jhinguri, akainama akamgusa miguu kwa heshima, naye mzee akababaika kama mtoto aliyepewa zawadi.

Kabla ya wiki kwisha lango lilifungwa kwa amri ya mahakama. Lilikuja kufunguliwa baada ya mwaka, wamekwisha jenga matangi ya kusafishia, na Binita ana ruhusa ya kuingia saa yoyote. Sisemi Ganga yote imetakata. Miji ya juu bado inatuletea uchafu wake. Lakini kwetu samaki aina ya rohu wamerudi kwenye kina, na harufu ile imekwenda.

Na Jhinguri? Kijiji cha ng'ambo kilimwita, kisha kingine, kisha cha mbali zaidi. Mpaka mvua za mwaka huu amekwisha kuyaibua mabomba manne. Juzi walikuja wanaume watatu kutoka Chunar kumfuata. Sonmatiya alikuwa akimfungia unga wa dengu na vitunguu kwa safari.

"Mnamtaka mume wangu?" aliwauliza. "Mchukueni. Ila mimi naja pia. Huyu hajui kusimulia."