Raseh Mlinzi wa Vikombe vya Mkewe

Sipin hakuwa na uzuri wala shamba kubwa. Alikuwa na wali. Kila sikukuu ya mavuno alijaza mchele wa kunata na tui ndani ya vikombe vya nyani, vile vijitungi vya mmea unaonasa wadudu, akavipika kwa mvuke, na kijiji kizima kikaja kulamba vidole. Nchi ile kila kilima kina kikombe chake, kama kila kijiji kilivyo na mchawi wake. Cha Sipin, chekundu chenye madoa, kiliota nyuma ya banda lake la nguruwe.

Mwaka huo wakaja wataalamu wa mimea. Walipiga magoti kwenye tope la nguruwe, mmoja akatokwa na machozi. Mmea huu, wakasema, haupo kwingine kokote duniani. Wakauzungushia waya, wakaajiri mlinzi: Raseh, mume wa Sipin, ambaye tangu amwoe hajawahi kuonekana na kazi. Wakampa filimbi.

"Baba Ritos," Sipin akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "nipishe nikate vikombe. Sikukuu kesho, na vitaota tena."

"Unaongea na mlinzi."

"Naongea na mtu niliyemfulia chupi asubuhi."

Raseh akapuliza filimbi.

Nyait, dada yake Raseh, alisikia yote kutoka barazani kwake. "Pole wifi. Mwaka huu utapikia sufuria, kama wapangaji. Watu watakula kwangu."

Hilo ndilo lililomchoma. Asubuhi ya sikukuu, Raseh aliposinzia, Sipin akatambaa kupitia bandani, akajaza kanga vikombe. Nguruwe akaguna, Raseh akaamka, akamfunga mkewe kwa kamba ya nguruwe, akawapigia wataalamu simu.

"Wako njiani," akasema.

"Sawa. Na leo utakula nini?"

Raseh akafikiri. Alifikiri kwa tumbo, kama kawaida yake. Akamfungua.

Harufu ilipotoka jikoni kijiji kikahamia kwa Sipin, na mlinzi akawa mbele ya foleni.

"Huu ni ushahidi," akasema.

"Basi uonje, usije ukaharibika."

Wataalamu walipofika, vikombe vitupu vilikuwa kinywani mwa nguruwe. Nyait alikuwa akilamba kidole cha mwisho.

"Wifi, kimebaki hata kimoja?"

"Mwulize mlinzi," Sipin akamjibu.

Raseh, mashavu yamejaa, akainua filimbi mbele ya mabosi wake na kupuliza kwa nguvu zote. Zikatoka punje za wali.