Baba wa Bustanini

Sheria ya nyumba aliyopanga Ishaka kule Small Heath ilikuwa nyepesi kuelewa: mtoto haingii. Mwenye nyumba, Mubarik, alimwambia siku ile ile alipomkabidhi ufunguo, tena kwa upole, huku akimwonesha ngazi zinazocheza na jiko moja linalopikiwa na wanaume watano.

"Mtoto akianguka hapa, mimi ndiye nitakayeshtakiwa," alisema.

Ishaka akaitikia. Alikuwa ndiyo kwanza ametengana na mkewe, Safiya, na hakuwa na nguvu za kuzunguka mji akitafuta chumba kingine. Na ndivyo ubaba wake ulivyohamia bustanini.

Safiya alibaki na watoto kwenye nyumba yao ya Northfield, upande wa pili kabisa wa Birmingham. Mbele ya kaka zake na imamu wa msikiti walikubaliana kwamba Jumamosi ni siku ya baba. Ishaka angekwenda kuwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha kabla ya magharibi. Mchana kutwa angekaa nao wapi, hakuna aliyeuliza, na yeye aliona haya kulitaja.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa cha neema. Jumamosi moja waliipanda milima ya Lickey, wakakaa juu kabisa na chapati zao, mji mzima umelala chini kama mkeka. Jumamosi nyingine walikwenda Cannon Hill wakajichanganya na familia zilizokuwa zikichoma nyama na kufukuzana na watoto wao. Amour, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa mtu wa bembea; ukimsukuma hakutaka ushushe mkono. Iman, dada yake, alikuwa ameanza sekondari na alijifanya mtu mzima, lakini wakiwa peke yao alisahau ukubwa wake, akacheza nage, ule mchezo wa kulengana na kukwepa, na baba yake kwa mpira wa soksi kuukuu kama wanavyocheza watoto wa Kwahani, mtaa aliokulia Ishaka huko kwao. Alikuwa na shabaha mtoto yule. Akimpata baba yake mgongoni, wapita njia waligeuka kwa kicheko chake.

Siku hizo Ishaka alirudi chumbani kwake na majani kwenye nywele, akalala bila kuvua viatu, moyo wake umetulia.

Kisha baridi ikaingia. Asiyewahi kukaa bustani za mji ule mwezi wa Novemba na watoto wawili hawezi kujua urefu wa mchana wake. Majani yanakuwa tope. Mkahawa unafungwa mapema. Vyoo vinatiwa kufuli. Mvua ikianza unajibanza chini ya paa la kituo cha basi, na watu wanaokuja na kuondoka wanakutazama kwa namna ya kutaka kuuliza. Wakati mwingine Ishaka aliwaingiza maktaba, lakini Amour hakuwa mtoto wa kunong'ona, na mara mbili tatu waliombwa kwa adabu watoke.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa usingizi. Ishaka alifanya kazi ya kufunga mizigo katika ghala moja la Great Barr, karibu na barabara kuu ya M6, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Alitoka kazini Jumamosi alfajiri, akapanda basi la kwanza mpaka mjini na la pili mpaka Northfield, akagonga mlango wa Safiya macho yake mekundu kama ya mgonjwa.

Mugambi, Mkenya aliyekaa chumba cha pili, alimwona anavyoisha.

"Buda, hii kitu itakumaliza," alimwambia siku moja wakiwa jikoni. "Ambia mama watoto Saturday moja unalala. Watoto hawaendi mahali."

"Nikikosa moja, itahesabiwa nimekosa zote," Ishaka alijibu.

"Nani ameku-tell hivyo?"

Hakuna aliyemwambia. Safiya hakuwa mwanamke wa maneno. Hakuwahi kumtukana hata siku walipoachana. Alichokuwa nacho ni kimya. Ukimkosea alikutazama, akanyamaza, akaendelea na shughuli zake, na kimya kile Ishaka alikiogopa kuliko kelele za mtu mwingine yeyote.

Jumamosi iliyomponza ilikuwa ya ukungu. Aliwapeleka kwenye bustani moja ya upande wa kusini, basi moja tu kutoka kwao, yenye viwanja vya michezo na ziwa dogo lenye mabata bukini. Aliwamiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, wakanywa wamesimama. Watoto wakaenda kwenye mtelezo. Yeye akakaa kwenye benchi na kuwatazama. Kofia nyekundu ya Amour ilipanda ngazi, ikateremka, ikapanda tena. Akajiambia anafumba macho kidogo tu, kuyapumzisha na baridi.

Alipoyafungua, ukungu ulikuwa umezidi na shingo yake imekakamaa. Pale kwenye mtelezo hapakuwa na mtu. Bembea zilikuwa zimetulia.

"Iman!" aliita. "Amour!"

Hakushtuka mara moja. Alizunguka nyuma ya kibanda cha vyoo, akaangalia chini ya miti, akawaita tena akijilazimisha sauti ya kawaida, sauti ya baba anayewaita watoto waje kula. Alipofika tena kwenye benchi bila kuona mtu, alianza kukimbia.

Mwanamke mmoja alikuwa akipita na mbwa wake. Jina lake, kama Ishaka alivyokuja kulijua baadaye, ni Rajvinder. Ishaka alimkimbilia.

"Umeona watoto wawili? Msichana, na mdogo ana kofia nyekundu?"

Hakuwaona. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Lakini alisimama, akamtazama vizuri, akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza: "Umempigia mama yao?"

Simu ilikuwa mkononi. Jina la Safiya lilikuwa juu kabisa; kidole tu kilihitajika. Ishaka alilitazama jina lile. Amwambie nini? Kwamba alilala? Aliona kile kimya kikimjia kutoka upande wa pili wa simu, akaona Jumamosi zake zote zikimezwa ndani yake.

"Nitampigia," alisema. "Kwanza nitazame kule ziwani."

Kule ziwani, hatua chache kutoka ukingoni, katikati ya matete, kulikuwa na kitu chekundu kinaelea.

Ishaka hakupiga kelele. Aliingia kama alivyo, na koti na viatu. Maji yalimfika magotini, halafu kifuani, na tope la chini likamshika miguu. Baridi ilimbana mbavu akashindwa kuvuta pumzi. Aliusukuma mwili wake mbele mpaka akakishika kile kitu, akakivuta kwake kwa mikono miwili.

Ulikuwa mpira wa plastiki, umepasuka, nusu umejaa maji.

Nyuma yake Rajvinder alikuwa akipiga yowe, huku akiita polisi kwa simu. Ishaka aliutupa ule mpira, akaanza kupapasa chini ya maji kwa mikono, akiita majina ya wanawe, akimeza maji machafu. Wanaume wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi walikuja, wakaunganisha kamba ya mbwa na skafu zao, na mmoja akaingia mpaka kiunoni akamshika ukosi. Walipomtoa alitaka kurudi. Wakamkalia juu.

Polisi walipofika walimuuliza namba ya mama wa watoto. Safari hii aliitaja. Askari alisogea pembeni akazungumza, akarudi, akachuchumaa mbele yake.

"Wako nyumbani," alimwambia. "Wote wawili. Wameingia sasa hivi."

Ishaka alimwambia arudie. Askari akarudia. Ndipo mwili wake ukalegea wote, meno yakaanza kugongana, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa.

Maji yaliingia mapafuni. Alilala hospitali siku nyingi, homa ikipanda na kushuka, na Safiya alikuja kumtazama homa ilipopungua. Hakukaa. Alisimama miguuni mwa kitanda, mkoba begani. Nje ya mlango wa kioo alisimama Iman, kichwa ameinamisha.

"Baba Iman," Safiya alisema. Bado alimwita hivyo. "Nataka uniambie jambo moja, na uniambie kweli. Huyu mtoto anasema alikuaga. Anasema mdogo wake alijikojolea, vyoo vimefungwa, anatetemeka, akakutikisa bega akakwambia wanarudi nyumbani. Na wewe ukamjibu, 'Sawa mwanangu, nendeni.' Ni kweli, au anajitetea?"

Ishaka aliitafuta saa ile kichwani mwake. Hakuna kitu. Kofia inapanda ngazi, kisha giza, kisha bembea zilizotulia. Akitoa jibu la haki, angesema hakumbuki. Lakini alimwona binti yake kule nje ya kioo, mabega yamepanda mpaka masikioni, anangoja.

"Kweli," alisema. "Aliniaga. Mimi ndiye niliyewaruhusu."

"Ulijua wamekwenda, kisha ukaingia majini kuwatafuta?"

"Niliamka nimesahau."

"Mtu husahau wanawe?"

Ishaka aliutazama tena mlango wa kioo.

"Na kwa nini hukunipigia? Yule mama alikwambia unipigie."

"Nilikuogopa, Safiya."

Safiya alimvutia shuka iliyokuwa imeteremka, akatoka. Ndiyo mara ya mwisho kumgusa.

Afisa wa ustawi wa jamii alipokuja na maswali yake, Ishaka alirudia maneno yale yale, na yakaandikwa: baba amekiri kwamba aliwaruhusu watoto wadogo waondoke peke yao. Mugambi alipoyasikia alishika kichwa.

"Si ungesema tu hukusikia? Mtu amelala, amelala! Hiyo ingekuwa accident."

"Nikisema sikusikia, mtoto ndiye atakayekuwa mwongo," Ishaka alimjibu. "Miaka kumi na miwili, Mugambi. Aishi vipi na hilo?"

Mugambi alimmenyea chungwa.

Ghala la Great Barr halikumngoja. Alipotoka hospitali nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Kifua hakikurudi kama zamani. Akipanda zile ngazi za Mubarik ilimbidi apumzike katikati, akishikilia ukuta. Na Jumamosi zake ziliondolewa, akapewa badala yake chumba katika jengo la wahisani, saa moja kila baada ya wiki mbili. Kilikuwa na zulia, sanduku la vitu vya kuchezea vya watoto wa watu, na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Mwanamke mmoja, msimamizi wa mikutano ile, alikaa karibu na mlango, akisikiliza na kuandika. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaletea biskuti.

Amour alikuja kila mara. Mwanzoni aliuliza kwa nini hawatoki nje, na Ishaka alimwambia kuna baridi. Yalipochipua majani kwenye miti ya maegesho, mtoto aliacha kuuliza.

Iman hakuja majira yote ya baridi. Safiya alipomleta mdogo wake alisema tu kwamba msichana ana kazi nyingi za shule. Siku moja mlangoni, bila kuulizwa, akaongeza: "Haniachi nilale mchana. Nikisinzia kidogo kwenye kochi, anakuja kunitikisa. Hata nikimwambia niko macho, ananitikisa."

Mwezi wa Aprili Iman alikuja. Alikuwa amerefuka. Hakuvua koti. Alimwacha Amour na magari yake kwenye zulia, akavuta kiti mpaka karibu na baba yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akasema naye Kiswahili, polepole, akichagua maneno mojamoja.

"Baba. Siku ile nilikwambia nini?"

"Uliniambia mdogo wako anasikia baridi. Kwamba mnakwenda nyumbani."

Msichana alitikisa kichwa.

"Sikusema hivyo. Nilisema, 'Baba, amka.' Basi. Nilisema mara nyingi. Wewe ukasema 'sawa,' ukalala tena. 'Nendeni' hukusema." Alijitafuna ukucha. "Nilimwongopea mama. Halafu wewe ukasema ni kweli. Nikashindwa kumwambia."

Ishaka alitazama mikono ya binti yake, kucha zimetafunwa mpaka nyama. Kumbe miezi yote ile, mzigo aliodhani amembebea alikuwa amempakia yeye.

"Uliniamsha," alisema. "Mimi ndiye sikuamka. Kosa ni langu, Iman. Hilo si uongo."

"Nimwambie mama?"

Alikuwa hajajibu aliposikia kalamu ya yule mwanamke ikisimama kule mlangoni.

"Samahani," mwanamke alisema kwa upole. "Kwa Kiingereza, tafadhali. Lazima niwaelewe."

Iman alinyooka kwenye kiti. Alijipangusa uso kwa mkono wa koti, akamgeukia baba yake, na kwa Kiingereza chake kizuri cha shule akamuuliza kama siku hizi anakula vizuri.