Ustaz wa Mashimo ya Gumbo

Harufu ya samaki mkavu iliyochanganyika na mafuta ya taa ndiyo iliyotuleta nyumbani kutoka Uganda. Nasema hivyo kwa sababu ndani ya lori lile hatukuona kitu. Turubai lilikuwa limefungwa pande zote kwa ajili ya mvua, na sisi watoto tulisafiri kwa pua. Mimi niliwekwa juu ya gunia letu, na jirani yetu, Mama Poni, alikaa kando yangu na kuku wake ndani ya kapu. Kabla hatujaondoka Nimule, mpakani, kuku yule akatoka kapuni, akapanda juu ya gunia letu, akataga yai. Basi hapo safari ikaanza upya. Mama Poni alisema yai hufuata kuku. Mama yangu alisema yai hufuata kitanda, na kitanda ni chake. Walibishana kutoka Nimule mpaka karibu na Juba, hata wasiohusika wakagawanyika pande mbili, mpaka dereva, Mganda mmoja mpole, akasimamisha lori na kuwaambia wazee wamletee kesi hiyo. Akawasikiliza wote wawili kwa heshima, akaomba aone yai lenyewe, akalitoboa kwa ukucha, akalinywa. Akasema kesi imekwisha, akawasha gari. Mama Poni na mama yangu walicheka mpaka wakalia, na kutoka siku ile wakawa kama dada.

Lakini mimi nilitaka kusema juu ya gunia, si yai. Ndani ya gunia lile mlikuwa na mbegu za mtama, na hatukuwa na mbegu nyingine. Nimelikumbuka wiki hizi kwa sababu ya mjukuu wangu Kiden. Amemaliza sekondari na amepewa fomu ya kuchagua chuo na somo atakalosoma huko. Baba yake, ambaye ni mwanangu, anataka udaktari. Mama yake anataka kazi yoyote yenye ofisi na kiyoyozi. Kiden mwenyewe, tulipomwuliza mbele ya chai, alisema anataka kusoma udongo. Baba yake akaweka kikombe chini polepole akasema, "Mtu haendi chuo kikuu kusoma shimo." Halafu wote wakanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Nitaeleza kwa nini.

Tuliporudi Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya mto kutoka Juba, vita vya kwanza vya nchi yetu vilikuwa vimekwisha na mimi nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Baba alibaki Uganda kumalizia kibarua, akatutanguliza. Tulikuta majani yamemeza kila kitu. Vibanda vilikuwa vimeanguka, njia zimepotea, na mama alitambua kiwanja cha baba mkwe wake kwa mawe matatu ya jiko tu. Kiwanja kilikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri kama ndani ya chungu kipya. Juu yake kulikuwa na mteremko mwekundu wa changarawe ambao hata mbuzi walipita haraka. Mama alipouona ule mweusi alipiga magoti akaushika kwa mikono miwili. Alikuwa ameuota miaka yote ya ukimbizini.

Tatizo lilikuwa moja. Kwa sisi Wabari hakuna anayepanda kabla baba wa ardhi hajapiga jembe la kwanza. Tunamwita monyekak. Si tajiri wala si mkubwa wa serikali, ni mtu wa ukoo ule ulioifungua ardhi zamani, na bila yeye jembe lako ni wizi. Yule wa kwetu alifia ukimbizini. Mwanawe, walisema, yuko Kongo, atakuja. Mvua ya kwanza ikanyesha, hakuja. Ya pili ikanyesha, watu wakakaa milangoni wanaitazama ardhi yao kama mtu anayetazama chakula cha mwenzake. Mzee Wani, jirani yetu aliyekuwa na kiti pekee kijijini, alitukataza hata kung'oa magugu. Na mama kila asubuhi alifungua gunia, akaingiza mkono kuona kama mbegu zimeanza kupata joto, maana mbegu zikipata unyevu zinaoza, na zikioza hatuna msimu huu, na bila msimu huu tungerudi tena kupanga foleni ya posho. Nilimsikia akimwambia Mama Poni kwamba heri afe kuliko kushika tena sahani ya bati.

Hapo ndipo akatokea kijana mmoja mrefu, suruali fupi, miwani imefungwa kwa uzi, na chuma kirefu cha kuzungusha mfano wa keekee la seremala. Hakuuliza mtu. Alizungusha chuma chake bondeni, akatoa udongo, akaunusa, akaondoka. Kesho yake akaja na sepeto akachimba shimo la pembe nne linalofika kifuani, akaingia ndani, akakaa. Sisi watoto tulilala kwa matumbo juu ya majani tukimtazama. Alikuwa akiulowesha udongo kwa mate, akiuviringisha viganjani kama mtu anayetengeneza mnyoo, akiukunja kuwa pete, kisha anaandika kwenye daftari. Mwingine aliutia mdomoni. Alipomaliza akafukia shimo, na hapa ndipo wazee walipokosa usingizi. Alirudisha udongo kwa utaratibu, wa chini ukatangulia, wa juu ukaja mwisho, kama vile anavyofukia mtu anayejua ardhi ina kichwa na miguu.

Penye wengi pana mengi. Wa kwanza walisema anatafuta dhahabu. Wa pili walisema anachimba makaburi na anajua ya nani. Mzee Wani alikaa kitini siku mbili, kisha akawaita watu. Alisema mtu huyu ameingiza chuma ardhini kabla ya wote, na ardhi haikumuua. Anachimba lakini hamziki mtu, halimi, hachukui kitu. Anaonja udongo. Nani huonja udongo isipokuwa mwenye udongo? Kama mtoto wa Kongo amechelewa, ardhi imejitafutia baba mwingine. Watu wakaona maneno hayo yana akili, na nikuambie ukweli, mpaka leo mimi naona yalikuwa na akili.

Tukamwendea wote, wanawake mbele, Mzee Wani na kiti chake nyuma. Kijana alikuwa ndani ya shimo; tulimwona kuanzia kifua tu. Mama akamnyooshea malodo, jembe letu la mpini mrefu, akamwambia apige la kwanza kisha atuonyeshe mahali pa kupanda. Yule kijana akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akavua miwani.

"Mama, mimi ni mwanafunzi," alisema. "Nimetumwa na mwalimu wangu nichimbe mashimo ishirini na niandike nilichokiona."

"Basi ndiyo kazi ya baba wa ardhi," akasema Mzee Wani. "Ulidhani ni ipi?"

"Mzee, kubariki sijui. Nikisema najua nitakuwa mwongo."

Hilo neno, sijui, lilitushangaza kuliko mashimo yote. Sisi tulikuwa tumeona wasomi kambini, watu wa kalamu mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiri mbele ya wanawake kwamba kuna jambo asilolijua. Mama alichuchumaa kwenye ukingo wa shimo, uso kwa uso naye.

"Ustaz," akamwita, jina tunalompa mtu aliyesoma, "unajua nini basi?"

Kijana akachukua udongo mweusi, akaulowesha, akauviringisha, akaukunja pete, akamvisha mama kidoleni. Pete haikupasuka. Akamwambia udongo unaoshikana hivi haupitishi maji. Mvua kubwa ikija, maji yatasimama hapa mpaka mizizi izame. Kisha akatuongoza wote juu kwenye mteremko mwekundu, akafanya vilevile, na pete ikavunjikavunjika. Akasema huu si mzuri wa kutazama lakini unapumua. Kama mbegu zingekuwa za mama yake, angezitia hapa. Mzee Wani aliguna. Alisema hajaona baba wa ardhi anayewaambia watu wapande kwenye mawe.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto na mdomo wangu haukuwa na mlango, nikamwuliza nani alimtuma kwenda shule kusoma matope. Mama alinifinya, lakini yeye alinijibu kama anavyojibiwa mtu mzima. Alisema nyumbani kwao walitaka awe karani. Lakini mama yake alipanda misimu mitatu asivune, na kijiji kikasema ana mkono mbaya, hata shangazi zake wakakataa kupokea mbegu kutoka kwake. "Nilipopewa karatasi ya kuchagua," akasema, "nikataka kujua kama ni mkono au ni udongo."

"Ukagundua nini?" mama akamwuliza.

"Udongo, mama. Mkono haukuwa na kosa."

Mama alisimama pale muda mrefu na ile pete nyeusi kidoleni. Upande mmoja kulikuwa na ardhi ya baba mkwe, aliyoiota. Upande mwingine maneno ya mtoto wa watu mwenye miwani ya uzi. Ustaz hakupiga jembe. Alimrudishia mama malodo, akasema mama ana haki na ardhi hii kuliko mgeni kama yeye, aseme mwenyewe anayoyajua. Basi mama akasema maneno machache aliyoyakumbuka kwa mama yake, Mzee Wani akiyarekebisha kutoka kitini, na jembe la kwanza likaingia kwenye mteremko mwekundu. Gunia lote alilimalizia huko, isipokuwa konzi mbili za mbegu alizozitia bondeni, kwa heshima ya marehemu baba mkwe wake. Mzee Wani alizitia zake zote kwenye mweusi.

Sitaki kurefusha. Mvua kubwa ilikuja na bonde likawa la vyura. Mtama wa Mzee Wani ulisimama ndani ya maji ukawa wa njano kama macho ya mgonjwa, na konzi mbili za mama zikaenda na ule. Mtama wa mteremkoni ulikuwa mfupi, haukuwa wa kujivunia, lakini ulibeba. Tulikula mpaka mvua nyingine, na Mzee Wani alikula kwetu, anakuja na kiti chake, analalamika kila jioni kwamba baba wa ardhi huyu ana upendeleo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule wa Kongo naye alifika mwaka uliofuata, akasikia habari yote, akaomba aonyeshwe namna ya kutengeneza pete.

Msimu ule sisi watoto tulichimba mashimo kila mahali, mpaka mbuzi wa Mama Poni akatumbukia na nikachapwa kwa niaba ya wote. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini shimo halikuniacha. Nimechimba vyoo na visima Gumbo, Sherikat, hata ng'ambo ya daraja huko Nyakuron, kwa miaka ambayo siihesabu. Nikikunja pete nakuambia ukuta utasimama au utakuangukia ukiwa umechuchumaa, samahani kwa kusema wazi. Ndiyo maana walinigeukia mimi siku ya chai. Kiden amekuwa akikunja pete pembeni mwa mashimo yangu tangu hajaota meno ya pili.

Baba yake aliposema mtu haendi chuo kikuu kusoma shimo, mtoto hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba, na wewe ulisomeshwa na shimo." Mwanangu akatazama chini, akanitazama mimi, akaomba chai nyingine. Mchagua jembe si mkulima, wanasema, lakini hakuna aliyesema neno juu ya mchagua udongo. Jumatatu fomu ilitumwa, kwa simu, maana siku hizi kila kitu hutumwa kwa simu, ukipata mtandao. Chaguo la kwanza udongo. La pili udongo, chuo kingine. La tatu alimwachia baba yake, akaandika udaktari, na amani ikarudi nyumbani.

Ninapokaa sasa kando ya barabara ya Nimule naona mteremko mwekundu umejaa gereji na maduka, na bonde jeusi limekatwa viwanja. Watu wanajenga nyumba za matofali juu yake bila kuuliza, na kila baada ya masika kuta zinapasuka, na wenyewe wanasema kuna jirani amewaroga. Zamani tulikuwa na njaa na tukaogopa kuigusa ardhi kabla ya ruhusa. Leo tumeshiba kidogo na hatuiulizi kitu. Sijui ni lipi bora. Lakini zamani haikuwapo karatasi ya kumwuliza msichana wa Gumbo anataka kujua nini, na leo ipo, hilo siwezi kulidharau. Karatasi hiyo ilikuwa na mahali pa kuandika jina la mtu aliyekuvutia kwenye somo lako. Kiden alikuja kuniuliza jina la Ustaz. Nikakaa nikafikiri mpaka chai ikapoa. Hatukuwahi kumwuliza. Akaandika, mwanafunzi mmoja aliyepita kwetu.

Siku Ustaz alipoondoka, mtama ulikuwa unafika magotini. Alifukia shimo la ishirini, wa chini kwanza, wa juu mwisho, akalikanyaga kwa miguu yote miwili, akanawa mikono kwa maji aliyomiminiwa na mama. Aliahidi kuja kula mavuno, na mama akamwekea debe lake la mtama, tukalikalia miezi mingi bila mtu kuthubutu kulifungua. Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye kichuguu, yeye akaendelea upande wa mto, chuma begani, anatazama chini wakati wote kama mtu aliyeangusha sindano. Hakurudi.