Karata za Papa

Leo nimemufanyia papa yangu wema, na roho inaniuma.

Nimetoka Misisi asubui, nikafika kwake hapa Baraka, nikakuta ordinateur yake, ile kompyuta, inakawia sana. Nikafuta maprograme yote yenye ilikuyaka nayo, hata mchezo wa karata.

Nikajisifu: «Papa, sasa iko mbio!»

Akasema tu, «Aksanti.»

Mama njo alinivuta pembeni: «Ile karata infirmier wa hospitali alimuambia acheze kila siku, mukono wake uamuke. Tangu tension, ile presha ya damu, imupige, haukamate kitu muzuri.»

Bandugu, sikujua!

Connexion ya internet hapa Baraka leo hakuna, siwezi kuurudisha. Mwenye iko na ule mchezo ku clé USB, aniambie.

Nimerudia kwa papa. Iko anavuta mafichier, yale mafaili, kwenye écran ya ordinateur, moja moja kama karata, na ule mukono mugonjwa.

«Mutoto yangu, hii karata ya mupya banashindaka namna gani?»