Nafasi ya Vidole Vitatu Chini ya Matole

Vita vilipofika Kindu, askari waliokaa nyumba ya jirani waling'oa plafo yetu, dari ya mbao, mbao zote, wakazifanya kuni. Tukabaki na matole matupu, mabati ya paa, juu ya vichwa. Mchana yalituoka. Mama hakulia. Alikwenda kwenye njia ya reli, treni ilikuwa haiji tena, akakata nyasi ndefu zilizoota kati ya vyuma, akazikausha. Akazishindilia katikati ya miti ya paa, kufuata mteremko, na chini akazishikilia kwa mikeka.

Joto likapungua. Lakini baada ya wiki chache mikeka ikaanza kutona kila asubuhi, hata siku ambazo mvua haikunyesha. Mama akapanda juu ya meza, akachomoa nyasi kidogo. Zilikuwa nyeusi, zimeoza.

"Hii njo pumzi yetu," akasema. "Inapanda, inagusa bati la baridi, inageuka maji. Haina pa kutokea."

Akazitoa zote, akaweka mpya, safari hii akiacha nafasi ya vidole vitatu chini ya bati. Akatoboa matundu kwenye ukingo wa paa, na kule juu kabisa akainua kofia ya bati, ile inayofunika kilele cha paa, kwa vipande vya mti. Hewa iingie huku, itokee kule.

Matundu yale yakamleta askari mmoja mlangoni.

"Mama, hii matundu njo ya nini? Unachungulia nani?"

"Njo ya hewa, shefu," Mama akamjibu kwa cheo cha mkubwa.

"Ziba."

"Siwezi kuziba. Plafo yangu mulichoma. Hii mutaniachia."

Nilikuwa nyuma yake, nimekamata kikwembe chake cha kiunoni. Askari alitazama paa, akamtazama yeye, akatema mate, akaenda. Alirudi mara mbili. Mama hakuziba hata tundu moja.

Mwaka jana, nami sasa ni mama mtu mzima, nilijenga upya kwenye kiwanja kile kile. Nilitaka chumba kirefu kwenda juu, plafo ifuate mteremko, na blanketi nene la sponji la kuzuia joto. Nikamwambia fundi aache nafasi ya hewa. Akacheka.

"Mama, ukiacha nafasi, popo wataingia. Mimi niko fundi."

"Weka wavu. Na uache nafasi."

Akabana blanketi kwenye bati upande mzima wa mashariki, kisha wa magharibi. Alipokwenda kula, nilipanda ngazi na msumeno, umri huu wangu, nikalishusha blanketi la magharibi vidole vitatu na kukata matundu ukingoni mwenyewe. Aliporudi tuligombana hadi wapita njia wakasimama. Sikushuka.

Mvua zilipokolea, mashariki kukatona, mbao zikaota ukungu. Magharibi pakavu. Nikamwita.

"Bomoa," nikasema.

Alibomoa bila kucheka, akaacha nafasi ya vidole vitatu. Siku hizi anawaambia wateja wake kuwa nafasi ile ni ufundi wake. Nikimsikia, namsahihisha papo hapo, mbele ya watu.