Shukrani za Borgny

Kach! Mlio huo ungali masikioni mwangu: bizimu ya mkoba wa Borgny ikifungwa. Kila Jumatano sisi wanawake wa kisiwa tulikutana katika nyumba ya maombi kufuma soksi za kuchangia misheni, na mlio huo ulitushtua mioyo. Ulimaanisha kwamba Borgny ameshapangusa miwani, leso imerudi mkobani, na sasa anasimama kushukuru.

Kushukuru kulikuwa desturi yetu sote. Kila mmoja alitaja neema moja aliyoiona siku hiyo, kisha kahawa. Lakini Borgny alikuwa na shukrani nyingi hata za kutugawia.

"Nakushukuru, Bwana, kwa nyumba ya Asta," aliwahi kuomba, "maana vumbi lake hutukumbusha kwamba sote tu mavumbi."

Asta alirudi kwake akasugua sakafu mpaka mikono ikamvimba.

Hata nyumbani Borgny hakupumzika. Uji ukiungua, alishukuru. Maziwa yakichacha, alishukuru. Mumewe, Sverre, alipoanguka kutoka paa la banda la mashua akavunjika mtulinga, Borgny alipiga magoti kando yake na kuanza kumtajia Mungu baraka.

"Mke wangu," Sverre akagumia, "Mungu hana haraka. Niinue kwanza."

Tulicheka sana. Shukrani za Borgny zilikuwa kama chokaa: aliipaka juu ya kila ufa kabla hata hatujauona.

Mtu aliyemvumilia alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, Magnhild. Asubuhi zote walikunywa kahawa pamoja jikoni kwa Magnhild, na ni hapo dada mtu alipomwambia kwamba daktari amekuta uvimbe kwenye titi lake.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu. Mume wangu, Agnar, yuko baharini, hata yeye hajui. Nataka aisikie habari hii kinywani mwangu."

Jumatano ikafika. Kach!

"Nakushukuru, Bwana," Borgny akasema kwa sauti ya kengele, "kwa uvimbe uliomwekea dada yangu Magnhild kifuani, ili tuuone utukufu wako."

Mama yake Agnar alikuwa akimimina kahawa; akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, kahawa ikaenea mezani na kuchuruzika sakafuni. Magnhild akakunja soksi yake, akavaa koti, akatoka bila kufunga mlango. Borgny, macho yamefumbwa, akaendelea mpaka amina.

Jioni hiyo hiyo Agnar alipata habari baharini, kwa simu ya mama yake. Tangu hapo Magnhild hakumfungulia Borgny mlango. Kahawa ya asubuhi ikaisha. Mwishowe Borgny akaja kwangu.

"Twende wote," akaniambia. "Wewe bado anakupenda."

Nikaenda nimebeba sahani ya keki chini ya koti, mvua ikitupiga ubavuni. Magnhild alifungua mlango upana wa kiganja.

"Umefuata nini?"

"Dada, namshukuru Mungu kwa..."

"Wee! Ukimshukuru Mungu hapa ngazini kwangu, nakumwagia maji ya vyombo. Haki ya nani vile!"

"Lakini dada, mimi nilikuwa nakuombea."

"Kuniombea? Ulinitangaza! Mume wangu kalia peke yake huko baharini kwa ajili ya mdomo wako. Kesho naenda hospitali kule Bergen kupasuliwa, na hata paka wa kisiwa hiki wanajua ni titi lipi. Mama tulipomzika, ulimshukuru Mungu kwa hali ya hewa. Hali ya hewa, Borgny! Mimi nikizikwa utashukuru nini? Upepo?"

Borgny akafungua kinywa. Nikajikaza, maana nilimjua: shukrani ilikuwa njiani. Haikuja. Kinywa kilibaki wazi kama cha samaki aliyetupwa sitahani. Maji yakamtiririka usoni, asiyapanguse. Mengine hayakuwa ya mvua.

Magnhild akaanza kuufunga mlango. Borgny akapitisha vidole vyake kwenye upenyo, pale pale ambapo vingebanwa, akasema kwa sauti ndogo hata nikainama ili nisikie:

"Dada, leo sina la kushukuru. Naogopa."