Mtungi Chini ya Nguzo

Siku hiyo tulikuwa wanne: baba mkwe, mama mkwe, wifi yangu mdogo, na mimi, mke wa kijana wao wa kwanza, sijamaliza hata mwaka tangu niolewe. Mume wangu alikuwa kibarua kwa mzungu, Kitale. Majina yote ninayo kichwani, lakini nayaacha huko huko.

Nguzo ya katikati ya nyumba ilitoka Kitale, mkaratusi mbichi, bulugamu tunavyouita, ikaletwa na gari la ng'ombe hadi kwetu Bungoma. Chini yake palikaa mtungi wa maji, na mtungi hutoka jasho. Udongo haukukauka. Uyoga ukaota kwenye nguzo kama masikio.

"Ni mchwa," mama mkwe akasema, akamwaga majivu.

"Mchwa gani, mama? Si nguzo imezeeka tu kama wewe!" wifi akamtania.

Nikifagia, nilibonyeza nguzo. Kidole kikazama. Ndani mti ulikuwa mweupe, nyuzinyuzi, umelowa kama machicha ya busaa, pombe yetu ya kimea. Na si ni kazi ileile? Kimea hulainisha unga mpaka unakuwa mtamu. Uyoga nao hauna meno: hutoa maji yake makali, yanayoyeyusha ule ugumu wa rangi ya kahawia unaoshikanisha nyuzi za mti, kisha hufyonza. Chakula chake huivia nje ya tumbo. Nguzo inabaki imesimama, inadanganya watu.

Na siku hiyo baba mkwe alikuwa anapandisha mahindi darini, juu ya nguzo hiyohiyo. Kitanda chake kilikuwa chini ya dari hilo, kando ya nguzo.

Kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Nikampa mgongo, nikaiambia nguzo: "Wewe umeoza. Ukibebeshwa mahindi utamwangukia mzee."

Naye mzee akaiuliza nguzo: "Nani amekupima?"

"Kidole," nikaijibu nguzo.

Akachukua panga, akadunga. Likaingia mpaka mpini. Gunia alilokuwa ameshapandisha akaliteremsha mwenyewe, polepole.

Tukasimamisha nguzo nyingine, mti uliokomaa, mguu wake umechomwa ukawa mweusi ili usioze. Mtungi ukahamia mlangoni. Baba mkwe alilala kando ya nguzo hiyo mpya mpaka akazeeka kabisa.

Mimi nakumbuka aliyeweka mtungi pale ni mama mkwe. Wifi husema, "Ati mama? Ni wewe, bana!" Basi kama kuna anayejua vizuri kuliko sisi wawili, anisahihishe. Kama ni mimi, nitakubali.